Aliyevaa Ovaroli ya Dereva

Haya aliniambia binti yangu wa mwisho, yule tunayemwita Kitinda, mvua za mwaka jana zilipokuwa zinakatika. Tulikaa sakafuni jikoni kwangu tunachambua maharage. Alisimulia bila kuinua macho, na kila alipofika pagumu mkono wake ulikwenda mbio, hata maharage mazima akawa anayatupa pamoja na mawe, nami nayarudisha kimya kimya.

Mliokuwa nami juma lililopita mnakumbuka tulipoishia. Mume wake, Dereva, mtu wa greda la kuchonga barabara, aliligonga tangi la maji la karakana mchana kweupe. Akasema breki zimekataa. Mafundi wakazipima breki, wakazikuta nzima. Bosi wake akamwambia akae nyumbani kwanza, na watu wakajimalizia wenyewe: mlevi huyo.

Ukweli aliambiwa mkewe peke yake, tena kwa kunong'onezwa. "Sikunywa kitu, Mama Kidosho. Taa zilizima kichwani. Nilipozinduka, maji yananimwagikia."

Daktari alimpa dawa, akamwambia asiguse mashine yoyote mpaka apimwe vizuri na dawa zimkubali. Dereva akatoka na dawa mfukoni. Lile neno la mashine akaliacha kwa daktari.

Na huyo bosi si mtu baki. Ndiye mume wa dada yake Dereva. Kwa hiyo siri ikifika kwa wifi wa Kitinda, imefika kazini. Hayo yanakutosha hata kama umeingia leo.

Basi asubuhi moja Kitinda yuko kwenye cherehani, simu ikalia. Wifi.

"Wifi, za huko? Hebu nipe huyo mgonjwa wa breki."

Dereva akaipokea huku anatabasamu kwa upande mmoja.

"Kaka, nyasi zangu zimekufa," Wifi akasema, na sauti yake ilisikika chumba kizima. "Mbele ya nyumba ni vumbi na mashimo, kama kuku ndio wenye kiwanja. Harusi ya mwanangu nataka watu wakae kwenye nyasi. Nimeazima trekta, lile dogo la bustani, na madude yake yote ya kufunga nyuma. Mtunza bustani wangu analiogopa kama jini."

"Harusi si bado?"

"Bado, lakini mbegu nazo zinataka muda. Au mtu wa magreda anashindwa na katrekta?"

"Nakuja kesho."

Kitinda hata hajakohoa, neno limeshatoka.

"Baba Kidosho, daktari alisema nini?" akamuuliza simu ilipokatwa.

"Alisema mashine. Kile ni kiti chenye magurudumu."

"Basi nakuja na wewe. Nina magauni ya kuwapima wasimamizi wa harusi."

"Njoo. Utaniona."

Alimwona kweli.

Trekta lilikuwa jekundu, fupi, limekaa kwenye kona ya uwanja kama mdudu aliyeshiba. Nyuma yake vilipangwa vifaa vyake: panga za kukatia nyasi, reki pana ya kukokota, pipa la chuma lenye misumari mwili mzima, sanduku la kusawazisha udongo, chombo cha kumwagia mbegu, na gogo la chuma la kushindilia, ambalo hujazwa maji tumboni ili liwe zito.

Dereva alivizunguka vyote akivigusa, kama mtu aliyekutana na jamaa zake. Halafu akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiti.

"Unatafuta nini?"

"Hiki." Akatoa plagi ndogo yenye nyaya mbili. "Chini ya kiti kuna swichi. Ukiinuka tu, injini inazima. Wamewatengenezea watu wasiojua."

Akaichomoa plagi, akaziunganisha zile nyaya kwa kipande cha waya alichokuwa nacho mfukoni. Watu wa karakana wako hivyo. Mashine mpya ikifika, jambo la kwanza ni kuifunga swichi ya kiti, kwa sababu wao hushuka na kupanda mchana kutwa, kutoa jiwe, kuangalia nyuma, na hawataki injini iwazimikie. Ni mazoea tu. Hata mawazo hayamo.

Kitinda aliutazama ule waya.

"Hiyo swichi si ndiyo inayozima mtu akianguka?"

"Nani anaanguka?"

"Nauliza."

"Usiulize."

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka Kitinda akaanza kujiona mchawi kwa kuwaza mabaya. Dereva alizikata nyasi mpaka chini kabisa, akaipitisha reki, ikang'oa nyasi zilizokufa kama chanuo kwenye nywele zilizosokotana. Zilirundikana marundo kwa marundo. Wifi akasimama ghorofani dirishani, anapiga makofi.

Siku ya pili Wifi alikwenda mjini kutafuta viti vya kukodi. Nyumbani wakabaki watatu: Dereva juu ya trekta, Kitinda barazani na gauni na pini mdomoni, na Mzee.

Mzee ni baba yake Dereva. Masikio yamemwacha, lakini redio yake hakubali izimwe. Alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, ukutani mwishoni mwa uwanja, redio mapajani, miguu mitupu kwenye jua.

Dereva alikuwa anakokota lile pipa la misumari, linatoboa ardhi ili ipate hewa na maji. Alikwenda mpaka karibu na ukuta, akageuka, akarudi. Akaenda tena, akageuka, akarudi. Kitinda alizoea ule mwendo mpaka akawa anashona kwa mapigo yake.

Halafu trekta lilikwenda na halikugeuka.

Aliinua kichwa. Dereva alikuwa ameketi, lakini ameketi kama nguo iliyotundikwa. Kichwa kimeanguka kifuani. Mkono mmoja unaning'inia. Na trekta linakwenda taratibu, halina haraka yoyote, linamwelekea Mzee.

"Baba," akaita. Mzee hakusikia. Pini zikamwagika kwenye gauni.

Alikimbia. Dereva akateleza upande, akatoka kwenye kiti, akaanguka kwenye nyasi zilizokatwa, na kama si kuangukia upande wa mbali, lile pipa lingempitia. Kiti kikawa kitupu. Trekta likaendelea kwenda.

Kitinda hakujua breki iko wapi, wala ufunguo. Alichokijua ni ule waya. Akakimbia ubavuni mwa gurudumu, akaingiza mkono chini ya kiti, akavuta kwa nguvu zake zote.

Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Tairi la mbele lilisimama karibu kabisa na vidole vya Mzee, halijavikanyaga. Mzee akafumbua macho.

"Mbona mmezima?" akasema. "Ule mtetemo ulikuwa unanikanda miguu."

Kitinda alirudi kwa mumewe, akamgeuza ubavu, akamfuta povu kwa kitambaa cha gauni la harusi ya watu, akamshika kichwa mpaka macho yakarudi.

"Nimefika mwisho?" Dereva akauliza.

"Umefika. Tazama mwisho wenyewe."

Dereva akatazama. Akaliona trekta, akaiona miguu ya baba yake. Alikaa pale chini, ana majani kichwani.

"Wifi akirudi namwambia," Kitinda akasema.

"Ukimwambia, mumewe anajua leo hii."

"Ajue."

"Mama Kidosho, nisikilize. Mimi sijui kuuza. Sijui kushona. Nimepanda mashine tangu sijaota ndevu. Ukinishusha, mimi ni nani?"

"Baba wa mtoto."

"Baba wa mtoto anayeshinda kitandani. Niache nimalize uwanja huu. Nimalize tu, halafu nitakwenda hospitali, nitapimwa kila wanachotaka. Nikiuacha nusu, dada atauliza kwa nini, na jibu ni moja."

Akamshika Kitinda ncha ya gauni alilovaa. Kitinda aliniambia, mama, angenikaripia ningejua la kufanya. Alinibembeleza.

Redio ya Mzee inaendelea na taarifa zake.

"Rudisha ile plagi kwenye kiti," Kitinda akasema mwishowe.

Akairudisha.

"Vua ovaroli."

"Ya nini?"

"Vua. Na kofia."

Wenzangu, mimi na trekta wapi na wapi, lakini mwanangu huyu namjua. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na mshono wake ukiupima kwa rula, rula ndiyo itakayoona haya. Alipanda pale juu, ovaroli imemmeza, kofia imeshuka mpaka nyusi.

"Mguu polepole," Dereva akamwambia. "Kama unaanza pindo."

Trekta likaruka kama mbuzi. Kichwa kikaenda mbele kikarudi nyuma.

"Nimesema pindo. Hilo ni gunia."

"Nyamaza, au upande wewe."

Jaribio lililofuata halikuruka. Na lililofuata hilo lilinyooka. Alichagua tofali moja ukutani akalikazia macho, kama anavyoikazia sindano, na lile pipa likaacha nyuma yake mistari ya matundu iliyonyooka kama mishono miwili ya suruali. Mzee wakamsogeza barazani. Dereva akaingia banda la vifaa, akawa anamwelekeza kupitia upenyo wa mbao.

Wifi alirudi. Akasimama ghorofani dirishani, mkono kiunoni.

"Kaka, kazi imekukolea, hata salamu hakuna?"

Mwenye ovaroli akapunga mkono bila kugeuka.

"Na wifi yangu yuko wapi?"

Simu ya Wifi ikalia ujumbe, umetumwa kutoka bandani kwa simu ya Kitinda: nimekwenda kununua uzi.

Mzee alikuwa barazani na redio yake. Alimtazama yule mtu wa trekta akipita, akavitazama viatu vyake.

"Huyo ni mwanamke," akasema.

"Baba, vaa miwani," Wifi akapiga kelele ili amsikie, na wakati huohuo ameinua simu yake, anachukua video. Hilo la video Kitinda hakulijua. Angelijua, pengine leo ningekuwa nasimulia mengine.

Waliendelea hivyo mpaka uwanja ukaisha. Asubuhi anaingia Dereva na ovaroli yake, anasalimiana na dada yake, anajisifu kidogo. Akishaondoka Wifi kwenda kwenye mambo yake ya harusi, ovaroli inabadilisha mwenyewe. Kitinda alijaza mashimo mchanga na udongo, akapitisha lile sanduku la kusawazisha mpaka uwanja ukawa kama kitanda kilichotandikwa. Akamwaga mbegu. Mwishoni akalifunga lile gogo la chuma lenye maji, akashindilia, taratibu, huku na huku.

Aliniambia, na hapo tu ndipo alipoacha kuchambua maharage, "Mama, nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa juu pale nimefurahi."

Nyumbani hakulala. Kila mumewe akigeuka kitandani, yeye yuko macho, anasikiliza kama pumzi inakwenda sawa.

"Hospitali lini?" akawa anamuuliza.

"Nyasi zikishaota."

Nyasi zikaota. Kwanza ukungu wa kijani ambao ukiinama unauona, ukisimama huuoni. Halafu zikajaa, laini, sawasawa, hakuna upara hata mmoja. Majirani wakawa wanasimama getini kwa Wifi.

"Sasa?" Kitinda akauliza.

"Wiki hii."

Jioni moja ya wiki hiyo Dereva alifika nyumbani anaimba. Kidosho, binti yao wa darasa la pili, alikuwa anakula. Dereva akamnyanyua na kijiko chake, akamzungusha.

"Una nini leo?" Kitinda akauliza.

"Shemeji kaniita. Tumesimama pale kwenye nyasi, yeye na mimi. Kavua viatu, akatembea. Akasema, mlevi hawezi kunyoosha ardhi namna hii. Dada alikuwa na video, kumbe kamwonyesha, na shemeji kawaonyesha wakubwa zake wote kazini. Wameitazama mashine inavyokwenda, haipindi hata kidogo. Wamesema kweli zitakuwa breki. Mafundi walikosea."

Kitinda alishika ukingo wa meza.

"Na?"

"Na wananirudisha. Kesho alfajiri niko kwenye greda."

"Wapi?"

"Karibu tu. Ile barabara ya mbele ya shule. Wameanza kuichonga."

"Shule yetu?" Kidosho akauliza. "Baba, tutakuona?"

"Mtaniona kutwa."

"Nitawaambia wenzangu wote. Wakati wa mapumziko tutakuja kwenye ua tukupungie mkono. Na wewe utatupungia?"

"Nitapiga honi."

Mtoto akashindwa hata kumaliza chakula kwa furaha. Alipopelekwa kitandani alikuwa bado anawataja atakaowaita, huyu na huyu na yule wa dawati la nyuma, mpaka sauti ikakatikia njiani, akalala.

Kitinda alirudi, akafunga mlango wa chumba cha mtoto.

"Kesho huendi."

"Mama Kidosho."

"Umemsikia mwanao? Watakuja kwenye ua. Ua wenyewe ni fito."

"Sijaanguka tangu siku ile. Dawa zimenikubali."

"Nani kasema? Daktari?"

"Mwili wangu unasema."

"Mwambie shemeji yako. Mwambie usiku huu, akupe kazi ya chini, ya karakana, yoyote."

"Nimwambie nini? Kwamba zile nyasi walizozitazama wakubwa zake zilipandwa na fundi cherehani kavaa ovaroli yangu? Nitakuwa mlevi, tena mwongo, tena na yeye nimemfanya mwongo mbele ya watu wake." Akamshika bega, na hakumshika kwa ubaya. "Wewe ndiye uliyenirudishia kazi. Usininyang'anye."

Akaoga, akakunja nguo zake za kazi juu ya kiti, akajinyoosha. Haikupita hata muda wa mtu kukunja shuka, amelala. Kitinda anasema hajawahi kumwona amelala vizuri namna ile tangu siku ya tangi.

Akatoka uani na simu. Akampigia Bosi. Imezimwa. Akampigia Wifi.

"Wifi, ile kazi ya nyasi niliifanya mimi."

Wifi akacheka mpaka akakohoa. "Na Mzee ndivyo anavyosema. Mmepanga?"

"Sitanii. Niliyekuwa juu ya trekta ni mimi."

"Wifi yangu, nina video. Kaka yangu namjua hata kwa mgongo."

"Ule mgongo ni wangu. Kaka yako anaanguka. Anazimika. Siku ile ulipokwenda kutafuta viti, trekta nusura limpitie Mzee."

Kitinda alisikia bakuli likiwekwa juu ya meza upande wa pili.

"Sikiliza," Wifi akasema, na kicheko kimeshaondoka. "Wamemwita mlevi, nikavumilia. Leo kaka yangu kanyanyua kichwa. Mara ya kwanza tangu lile tangi. Na wewe, mkewe, ndipo unapomtafutia kuanguka?"

"Wifi, mwambie shemeji tu. Amuulize mwenyewe."

"Mume wangu kalala. Kesho anaamkia kazini kumpokea kaka yangu. Nenda kalale na wewe, wifi. Umechoka na magauni."

Simu ikakatwa. Akapiga tena. Haikupokelewa.

Alirudi ndani. Alifikiri kuzificha nguo za kazi, lakini mtu anayekwenda kwenye greda baada ya aibu ile angekwenda hata na shuka. Alifikiri kumwamsha wagombane upya. Akamtazama alivyolala, mkono chini ya shavu kama Kidosho, na hakuweza.

Ndipo akauchukua mkeka, akautandika nyuma ya mlango wa kutokea. Ule mlango unafunguka kwa ndani. Akaketi, akauegemea kwa mgongo, miguu ameinyoosha. Akasema moyoni, alfajiri akitaka kutoka itabidi anisogeze, na akinisogeza nitaamka, na nikiamka nitapiga kelele mtaa mzima ujue. Nikeshe tu. Usiku mmoja nitashindwa?

Lakini alikuwa amekesha tangu siku ya ule waya. Na sasa, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kule chumbani pumzi ya mumewe ilikuwa inakwenda sawa, inaingia, inatoka, inaingia, na yeye ameshazoea kuifuata. Akaifuata. Macho yakafumba, akayafumbua. Yakafumba. Mgongo ukateleza taratibu ukaachana na mlango, kichwa kikatafuta mkeka upande wa mbali, miguu ikajikunja, na pale mbele ya mlango pakabaki wazi, mtu mzima anapita bila hata kumgusa, naye akalala.